Kimeo Nani: Pikipiki, Dereva au Spea?

Kaa kidogo kwenye kijiwe chochote cha bodaboda Dar es Salaam, iwe Mbagala Rangi Tatu au Tegeta Nyuki, utakuta ubishi uleule. Wa Boxer anamwambia wa TVS kwamba chombo chake kinafaa kusambazia mikate. Wa TVS anajibu kwamba Boxer inasifiwa na watu walionunua kwa kufuata mkumbo. Wakichoka wote wawili wanamgeukia mwenye pikipiki ya Mchina: "Wewe nyamaza, yako ukiiegesha juani bolti zinashuka zenyewe kwenda kunywa chai." Wa Mchina hana presha. Alinunua kwa bei ndogo, na spea zake zinapatikana mpaka kwa muuza vocha.

Ubishi mtamu, ila unaharibu matengenezo. Mtu akishaamini kwamba aina fulani ni kimeo, hatafuti tena ugonjwa. Kila dalili anamtupia aliyeiunda. Msimamo wangu ni kwamba mengi yanayoitwa ubovu wa muundo ni oili iliyochelewa, spea feki au fundi mwenye haraka. Yapo ya mhandisi kweli, na nikiyafikia nitasema. Tuanze na dalili, hukumu itafuata.

Kiki mpaka mguu unauma, haiwaki

Angalia kwanza swichi nyekundu ya kuzimia pale kwenye usukani, halafu koki ya mafuta. Watoto huzichezea pikipiki zilizoegeshwa, na zipo zilizosukumwa kwa jasho hadi gereji kwa sababu ya swichi tu. Hilo limeisha.

Injini ya petroli inataka mafuta yaliyochanganyika na hewa kwa kiasi chake, cheche kwa wakati wake, na mgandamizo. Kipi kimekosekana? Plagi itakuambia. Ifungue baada ya kupiga kiki kadhaa. Ikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki: tafuta kwenye koki, kwenye mpira wa mafuta, na kwenye jeti ya kabureta iliyoziba. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika lakini hayachomwi, kwa hiyo pima moto. Irudishe plagi kwenye kofia yake, gusisha chuma chake kwenye injini, mbali na tundu la silinda kwa sababu mvuke unaotoka pale unaweza kulipuka, kisha piga kiki. Cheche ya bluu, inayolia kwa ukali, ni nzima. Ya njano inayotokea mara moja moja ni dhaifu. Kabla hujanunua koili, jaribu plagi nyingine unayoijua kuwa nzima, kisha fungua ile kofia ya plagi uangalie ndani, maana kofia huingia kutu na waya wake hukatika pale pale unapoingia. Mafundi wengi huruka hatua hii na kwenda moja kwa moja kwenye CDI, kile kiboksi kinachoamuru cheche, kwa sababu CDI ina faida kubwa dukani.

Ukiwa bado umeishika plagi, isome rangi. Kahawia hafifu ni afya. Masizi makavu meusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa, na mara nyingi kosa liko kwenye filta ya hewa iliyojaa vumbi la Goba au Kivule. Nyeusi inayoteleza kwa oili inakupeleka kwenye sehemu ya moshi hapa chini. Nyeupe kama imeunguzwa maana yake hewa imezidi: kuna mahali inavuta hewa ya wizi, hasa ule mpira unaounganisha kabureta na injini ukipasuka. Nafasi ya plagi kwa pikipiki nyingi za barabarani kwetu iko kati ya milimita 0.6 na 0.8. Watu hukadiria kwa kipande cha blade la msumeno, na kusema kweli si mbaya njia nyingine ikikosekana.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mkosaji mkubwa ni maji. Yanaingia kwenye tangi kupitia mfuniko, au yanakuja na petroli ya chupa uliyonunua kando ya barabara ulipoishiwa saa nne usiku. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Weka chupa tupu ya plastiki inayoonyesha ndani, legeza skrubu, kinga. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini kama tone moja kubwa linaloteleza huku na huku ukiitikisa chupa. Ukiliona, mwaga bakuli lote, na kama linarudi kesho yake, safisha tangi. Dukani hakuna spea ya kutibu hilo.

Tahadhari moja kwa wanaolazimisha kupita Jangwani Mto Msimbazi ukiwa umefurika. Injini ikizima ndani ya maji, usiguse kiki. Maji yakiingia kwenye silinda hayagandamiziki, na kiki ya nguvu au stata inaweza kupinda koneksheni rodi, chuma kinachounganisha pistoni na kranki. Sukuma mpaka pakavu, toa plagi, piga kiki polepole ili maji yarukie nje, halafu angalia oili. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, imeingia maji. Imwage kabla ya kuwasha, hata kama uliibadilisha jana.

Mafuta yapo, moto upo, na bado? Kandamiza kiki kwa mkono. Isiposhindana na mkono wako, mgandamizo umekwenda, na mtu wa kwanza kushukiwa ni tapeti (skrubu za kurekebishia nafasi ya vali) zilizobanwa sana, kabla ya ringi za pistoni. Nitazirudia tapeti.

Inakwenda vizuri, ikipata moto inazima

Hii ndiyo dalili inayoongoza kwa kusingiziwa. Pikipiki inatoka Kimara asubuhi, ikifika Magomeni inakata, inapumzika, inawaka, inafika kituo cha Fire inakata tena. Kijiwe chote kinatamka kwa pamoja: "Hizo ndivyo zilivyo."

Siku itakapozima, kabla ya kugusa chochote, fungua mfuniko wa tangi. Ukisikia pumzi ikiingia kwa ndani na pikipiki ikawaka papo hapo, tundu la hewa la mfuniko limeziba. Mafuta yanashuka kwa uzito wake tu. Hewa isipoingia juu kuchukua nafasi yake, hayashuki. Tundu hilo ni dogo, na huzibwa na vumbi, kutu, au na dereva mwenyewe aliyefunga nailoni kuzuia mvua. Pini inatosha.

Ikiwa mfuniko ni mzima, pima cheche wakati huo huo injini ikiwa bado ya moto. Koili ikianza kufa huwa na tabia ya kutoa moto ikiwa baridi na kugoma ikichemka, kwa sababu nyaya zake za ndani hutanuka na kuachana. Ndiyo maana ukifika kwa fundi, baada ya kusukuma nusu saa, pikipiki inawaka kwa kiki moja na wewe unaonekana mwongo. Pima palepale ilipozimia.

Lipo na la tatu. Injini zetu nyingi zinapozwa kwa upepo, na upepo unataka mwendo. Foleni ya Barabara ya Mandela saa kumi na moja jioni haina mwendo, na kama mapezi ya silinda yamejaa matope yaliyokaukia, joto halina pa kutokea. Hapa mhandisi hana kosa. Yeye aliweka yale mapezi ili upepo uyafikie. Wewe umeyapiga plasta, halafu mbele yake ukafunga kibao cha kuzuia mvua isilowanishe miguu.

Moshi

Mweusi: mafuta mengi. Filta, choki iliyobaki imevutwa, boya la kabureta. Safisha, endelea.

Mweupe asubuhi ya baridi ukapotea baada ya muda mfupi: ni mvuke tu kutoka kwenye ekzosi. Pikipiki isiyo na rejeta haina maji ya kuunguza, kwa hiyo anayekwambia "gasketi ya kichwa inapitisha maji" kwenye injini ya kupozwa kwa upepo anakuchezea akili.

Wa bluu ndio wenye gharama. Hiyo ni oili inayoungua, na kijiwe watakwambia unapulizia mbu mtaa mzima. Kuna njia mbili oili inaweza kufika kwenye chumba cha kuunguzia, na tofauti yake kwa mfuko wako ni kubwa. Ya kwanza ni ringi au silinda iliyolika. Hapo moshi hutoka kila ukivuta resi, na huongezeka ukiwa na mzigo. Ya pili ni sili za vali, viraba vidogo vinavyokaa juu kwenye mashina ya vali. Hizo zikikakamaa, oili huchuruzika polepole pikipiki ikiwa imelala, ukiiwasha asubuhi inatoa wingu moja halafu inatulia.

Kuna kipimo kizuri cha bure. Teremka kutoka Kimara kuelekea Ubungo pakiwa na nafasi, ukiwa kwenye gia, resi umefunga kabisa. Ukifika chini vuta resi kwa ghafla, mwenzako aliye nyuma yako aangalie ekzosi. Wingu moja kubwa kisha pakawa safi, ni sili za vali. Moshi usiokatika, ni ringi. Fundi asiye na subira atasikia neno "bluu" tu akaanza kushusha injini, akachonga silinda na kukuwekea pistoni kubwa zaidi, wakati tatizo lilikuwa viraba viwili. Silinda ikishachongwa hairudi. Na ukiipa pistoni ya bei ya kutupa, miezi michache utarudi pale pale ukisema aina hii ya pikipiki haina injini.

Usisahau petroli yenyewe. Kuchanganya petroli na mafuta ya taa kulikuwa biashara kubwa hadi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilipoanza kuweka vinasaba (kemikali ya kuyatambulisha) kwenye mafuta mwaka 2010. Sheli zinakaguliwa, chupa za kando ya barabara hakuna anayezikagua. Mafuta ya taa yakiingia, injini inagonga ikipanda mlima na moshi wake una harufu ya jiko la utambi.

Kelele kichwani mwa injini

Hapa sasa ubishi wa muundo una maana, kwa hiyo nitakaa.

Katikati ya miaka ya 1970 Honda waliitoa CG125, pikipiki iliyokusudiwa nchi ambako chombo kinabebeshwa kupita kiasi na oili inabadilishwa pale mtu anapokumbuka. Pikipiki nyingine za Honda za wakati ule zilikuwa na kamshafti, mhimili unaofungua vali, juu kichwani, ikizungushwa na cheni ndefu kutoka chini. Muundo huo unaipa injini wepesi wa kuzunguka kasi. Lakini kamshafti ikikaa juu ndiyo ya mwisho kufikiwa na oili, na ya kwanza kulika oili ikiwa chafu au pungufu. Kwenye CG125 wakairudisha kamshafti chini, ikazungushwa na gia, na vali zikasukumwa kwa fito mbili za chuma. Ukiipima kwa mbio, ni kurudi nyuma. Kwa mtu anayekwenda Kisarawe na magunia mawili ya mkaa, ni akili kubwa. Wachina waliichukua injini hiyo na kuizalisha kwa wingi usio na kifani, na nyingi za Kichina zinazozunguka Dar ni wajukuu zake. Kwa hiyo anayemcheka Mchina anacheka mchoro wa Mjapani, na kinachostahili kuchekwa mara nyingi ni ulaini wa chuma na bolti zilizokazwa kwa haraka.

Boxer na TVS za bodaboda zimefuata njia ile nyingine: kamshafti juu, cheni ya taimingi ndani. Ni laini zaidi mkononi, zinatumia mafuta kidogo, ila zinadai oili kwa wakati. Hakuna aliyekosea hapo. Ni chaguo mbili, kila moja na bei yake.

Faida ya kulijua hili ni hii: ukiwa na injini ya fito na fundi akakwambia "cheni ya taimingi imechoka, nipe hela nikalete Kariakoo," mwambie akuonyeshe inakokaa, maana haipo. Kuitambua injini ya cheni, angalia ubavuni au nyuma ya silinda. Kwa kawaida utaona kifaa kidogo kilichofungwa kwa bolti mbili, hicho ndicho kinachoikaza cheni.

Sasa sikiliza. Tumia bisibisi ndefu: ncha yake kwenye injini, mpini sikioni, mkono mbali na ekzosi. Sogeza taratibu. Tak-tak kali, ya juu, inayoenda sawasawa na resi kama cherehani, ni tapeti zenye nafasi kubwa. Kukwaruza kunakosikika zaidi pikipiki ikiwa sailensi (inawaka bila kuvutwa resi) na pale unapoachia resi, upande mmoja wa silinda, ni cheni ya taimingi iliyolegea au kifaa chake cha kukazia. Mlio mzito wa kugonga unaotoka chini, unaousikia hadi kwenye vikanyagio ukibeba mzigo, ni koneksheni rodi. Huo wa mwisho hauna mjadala, zima. Ukiendelea nao injini itanoki, na kuna siku rodi itatoboa ganda itoke nje.

Tapeti hurekebishwa injini ikiwa ya baridi kabisa, pistoni ikiwa juu na vali zote mbili zimefungwa. CG125 inataka milimita 0.08 kwa vali zote mbili. Nyinginezo zina kipimo chao kwenye kitabu, na si lazima vali ya kuingiza ilingane na ya kutoa. Kipimo kinataka fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Fundi anayepima kwa kutikisa kwa vidole anaweza kupatia, wapo wazee wa eneo la Gerezani wenye vidole vya ajabu, lakini wengi hukaza mpaka kelele iishe kwa sababu mteja anapenda kimya. Vali iliyobanwa haifungi sawasawa. Joto lake hutoka kwa kugusana na kiti chake, na isipogusa inaungua. Baada ya wiki kadhaa pikipiki inakuwa ngumu kuwaka ikiwa ya moto, nguvu zinapungua, na hakuna anayekumbuka kwamba yote yalianza siku ile ilipokuwa kimya. Afadhali tapeti inayosikika kidogo.

Injini inalia, pikipiki haiendi

Unavuta resi, mlio unapanda, mwendo haupandi. Hiyo ni klachi inayoteleza. Kabla ya kununua pleti, shika mkono wa klachi: ncha yake inatakiwa icheze bure kama sentimita moja hadi mbili kabla ya kuanza kuvuta. Isipocheza, waya umekazwa mno na klachi haifungi kikamilifu muda wote. Ni kazi ya dakika moja bila spea.

Waya ukiwa sawa, uliza oili. Klachi ya pikipiki hizi inaogelea ndani ya oili ileile ya injini. Oili ya magari ya kisasa mara nyingi huwekwa dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Angalia kwenye chupa maandishi JASO MA au MA2. Hiyo ndiyo alama ya oili inayofaa klachi ya aina hii. Unene wa 20W-50 ndio unaopendekezwa kwa nyingi ya pikipiki hizi kwenye joto letu, lakini 20W-50 bila ile alama bado inaweza kukuletea shida. Ukishaweka isiyofaa, ibadilishe mapema. Pleti zisipokuwa zimeungua mara nyingi zinarudi.

Hapa niseme jambo la mkataba. Pikipiki nyingi za kazini si za dereva. Dereva anapeleka hesabu kila siku, na oili ni ugomvi: bosi anasema dereva, dereva anasema bosi, oili inabaki mle ikawa lami. Chukua mbili zilizotoka duka moja, moja kwa mwenye mali anayeiendesha mwenyewe, nyingine kwa dereva asiye na uhakika kama mkataba atauona mwisho wake. Mwaka ukiisha zisikilize. Ukibishana kuhusu aina bila kuuliza nani alikuwa anamwaga oili, unapiga kelele tu.

Inavuja oili

Wapenzi wa pikipiki kongwe za Kiingereza wana utani wao: ukiona chini hapana oili, basi na ndani imeisha. Ganda la injini zile lilikuwa limegawanywa wima, vipande viwili vikikutana chini kabisa palipo na oili. Honda walipoileta CB750 mwaka 1969 ganda lake liligawanywa kwa ulalo, mshono ukakaa juu ya oili, na watu wakashangaa pikipiki inayoweza kulala sebuleni. Hadithi hiyo hutumiwa kuthibitisha kwamba kuvuja ni suala la muundo. Sawa, kwa kiasi. Lakini injini za silinda moja za bodaboda nazo ganda lake kwa kawaida limegawanywa wima, na zikitoka kiwandani ni kavu. Uso uliochongwa vizuri na gasketi nzuri vinafanya kazi kubwa kuliko upande wa mshono.

Kwa hiyo tafuta. Osha injini kwa mafuta ya taa na brashi, ikauke, paka poda ya mtoto sehemu zote unazoshuku, zunguka mtaa mmoja, rudi. Oili itachora njia yake kwenye poda, na uangalie sehemu ya juu kabisa iliyolowa, si pale inapodondokea. Kwenye sproketi ya mbele ni oili sili, mara nyingi imekatwa na cheni iliyokazwa kupita kiasi. Kwenye bolti ya kumwagia ni nyuzi zilizoliwa na fundi mwenye misuli. Ikivuja kila mahali kwa pamoja, acha kununua gasketi. Fuata mpira wa kupumulia wa injini uone kama umebanwa au umeziba. Hewa ya ndani isipopata njia, inasukuma oili kwenye kila upenyo.

Inayumba, hasa ikibeba mishikaki (abiria zaidi ya mmoja)

Upepo wa tairi kwanza, kwa geji, si kwa kupiga teke. Halafu spoku: inua tairi, zungusha, gonga kila spoku kwa spana ndogo. Zilizokaza zinalia kwa sauti ya juu, iliyolegea inatoa sauti butu, utaijua tu. Chache zikilegea, nyingine zinabeba mzigo wake na kukatika moja baada ya nyingine.

Inua tairi la mbele, geuza usukani taratibu. Ukihisi unakwama kidogo katikati, kwenye nafasi ya kwenda moja kwa moja, beringi za usukani zimechimbika. Shika tairi la nyuma, lisukume kulia na kushoto. Likicheza, ni bushi za mkono wa nyuma au beringi za gurudumu. Pikipiki za aina hii zimepangwa kubeba dereva na abiria mmoja. Ukipakia wanne na begi la shule kwenye tangi, usije kijiweni kulalamika kwamba fremu ni laini.

Breki ya ngoma mbele, hapo niko na wanaolalamika. Ikiingia maji hupoteza nguvu, na kwenye jiji lenye mvua kama zetu na daladala zinazosimama popote, diski mbele ingekuwa haki ya kila dereva. Huo ni uamuzi wa bei uliofanywa na kiwanda. Ukishatoka kwenye dimbwi, endesha kidogo huku umeibana taratibu mpaka ikauke, ndipo uingie barabara kubwa.

Umeme

Kampuni ya Lucas ya Uingereza iliyokuwa ikitengeneza mifumo ya umeme ilipachikwa jina la utani Mkuu wa Giza. Sisi giza tunajitengenezea: spika, honi ya lori, taa za rangi saba, vyote vimeungwa kwenye waya mmoja kwa kusokota na nailoni. Ng'oa vyote kwanza, ndipo upime. Betri nzima ikiwa imepumzika husoma karibu volti 12.6; injini ikiwaka na resi kidogo, kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, chaji haiji. Ikipita 15 na balbu zinaungua kila wiki, rektifaya, kifaa kinachodhibiti chaji, imekufa. Wa Kigamboni na Msasani waongeze kazi moja, kufungua viungio vya nyaya na kuondoa ule unga wa kijani unaoletwa na chumvi ya bahari.

Cheni inaruka na kukatika

CG125 ilikuja na cheni iliyofunikwa yote, mbele hadi nyuma. Uamuzi ule ulikuwa na maana kubwa kuliko injini yenyewe, kwa maoni yangu, kwa sababu mchanga wa Mbweni uliochanganyika na grisi unasaga chuma. Mtaani leo nyingi ziko wazi nusu, na hata zenye kava zima utakuta limeng'olewa kwa sababu lilianza kupiga kelele, na kurudisha bolti mbili kulionekana kazi. Cheni ikifa haraka kwenye pikipiki iliyotoka kiwandani bila kava, mlaumu mhandisi. Lako liking'olewa likawa linakusanyia maji ya kuku uani, unajua wa kumlaumu.

Mlegeo wa kawaida katikati ya cheni ni milimita 20 hadi 30, ukipima pikipiki ikiwa haina mtu juu, sehemu ile inapokaza zaidi, kwa sababu cheni iliyochakaa haikazi sawa kila mahali. Kujua kama imekwisha, nenda nyuma kabisa ya sproketi kubwa, ishike cheni kwa vidole viwili uivute kutoka kwenye meno. Ikinyanyuka mpaka uone nusu ya jino, nunua cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja. Muuza duka akikwambia sproketi ya mbele bado nzuri, mwombe aiweke kando ya mpya, muangalie meno yote mawili kwa pamoja.